Kifusi cha ujenzi Mombasa: nahesabu safari za lori, lakini hesabu hainikai sawa

KaraniWaTudor

Assalaam alaykum wanajukwaa. Mimi ni msaidizi wa mhandisi katika ujenzi mmoja hapa Tudor. Kiwanjani palikuwa na nyumba kuukuu ya ghorofa moja, ambayo kuta zake zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye unene wa sentimita 45. Tumeibomoa, na sasa tunapandisha jengo la ghorofa tano lenye eneo la sakafu la mita za mraba 1,150 kwa jumla. Mwenye mali amejenga kwa mkopo, na mkopeshaji ametaka kila mwezi, pamoja na taarifa ya maendeleo ya kazi, apewe taarifa ya taka: zimetoka kiasi gani, ni za aina gani, na zimekwenda wapi. Kazi hiyo nimeangukiwa nayo mimi, nadhani kwa sababu siku ya kikao nilikuwa nimeketi karibu na mlango.

Mpaka sasa nimekuwa nikiandika safari za lori. Daftari linaonyesha safari 41 tangu tulipoanza kubomoa, na kila safari imeandikwa "kifusi, tani 10", kwa kuwa mwenye lori anasema lori lake ni la tani 10. Nikizidisha napata tani 410. Mhandisi wangu alipoiona takwimu hiyo alicheka, akaniuliza kama nyumba ile ilikuwa ngome. Hakunieleza niipate vipi takwimu iliyo sahihi.

Nilizonazo ni hizi. Kabla ya kubomoa tulipima: urefu wa kuta zote ukijumlishwa ulikuwa mita 62, kimo mita 6.4, na sakafu ya juu ilikuwa ya zege, mita za mraba 85 kwa unene wa sentimita 12. Paa lilikuwa la yale mabati ya zamani ya simiti, ya kijivu, yenye mawimbi. Mengi yaliteremshwa mazima, na yamepangwa uani chini ya turubai kwa sababu walinzi wanataka kuyaezekea banda lao. Sanduku la lori nimelipima leo asubuhi: mita 4.2 kwa 2.2, na kina cha mita 1.

Naomba kujua mambo mawili. Kwanza, taka za ujenzi hupimwaje mtu akiwa hana mizani ya magari karibu? Pili, huko zinakokwenda nitakuthibitishaje, ikiwa ninachopata kutoka kwa dereva ni neno lake tu?


MkadiriajiWaZamani

Wa alaykum salaam mwanangu. Nimefanya kazi ya kukadiria vipimo na gharama za majengo katika mji huu kwa miaka mingi, na nakuhakikishia kwamba wengi waliokutangulia wameandika "tani 10" kama ulivyoandika wewe, wala hakuna aliyewacheka kwa sababu hakuna aliyesoma. Tani 10 ni jina la lori. Uzito wa mzigo ni jambo jingine, nao hutegemea kilichopakiwa.

Sanduku ulilolipima lina mita za ujazo 9.24. Kifusi cha mawe na zege, kikiwa kimelegea kama kinavyomwagwa, huwa na uzito wa tani 1.2 hadi 1.5 kwa kila mita ya ujazo; kwa hiyo lori hilo likijaa pomoni hubeba kati ya tani 11 na 14, habari ambayo askari wa barabarani angependa kuisikia. Lori hilohilo likijazwa vipande vya mbao, mifuko ya saruji na maboksi ya vigae halifikishi tani 3. Sasa ukiziandika safari hizo mbili kwa neno moja, kisha ukazizidisha kwa kumi, hesabu imeshaharibika kabla hujafika kwenye jumla.

Huhitaji kusubiri mizani ya magari ili uanze. Chukua debe la lita 20, lijaze kifusi kama kilivyo bila kukishindilia, lipime kwenye mizani ya duka la nafaka (mwenye duka ataguna, mnunulie soda), kisha utoe uzito wa debe tupu. Madebe 50 ni mita moja ya ujazo. Debe likisoma kilo 26, kifusi chako kina tani 1.3 kwa mita. Rudia mara kumi kutoka pande mbalimbali za rundo, juu na chini, kwa sababu vumbi na changarawe hushuka na mawe hubaki juu. Mawe makubwa hayaingii debeni. Hayo yapime kwa pipa la lita 200, na mapipa matano yatakupa mita moja. Uandike pia kama mvua ilinyesha, maana matumbawe yana vitundu vingi na hunywa maji, na kifusi cha masika si sawa na cha kaskazi. Ukibahatika kupata mizani ya magari hata kwa siku moja, pitisha lori likiwa tupu na likiwa limejaa kwa safari tatu au nne, nawe utajua kama debe lako limekudanganya.

Baada ya hapo ikague hesabu hiyo kwa njia ya pili isiyohusiana na lori kabisa, yaani nyumba yenyewe. Mita 62 kwa 6.4 kwa 0.45 ni mita za ujazo 178. Toa sehemu ya kumi kwa ajili ya milango na madirisha, zinabaki 160 hivi. Ukuta wa matumbawe na chokaa una karibu tani 1.9 kwa mita, kwa hiyo kuta zako zilikuwa na tani 304. Sakafu ya zege ni mita 10 za ujazo, nayo kwa tani 2.4 ni tani 24. Jumla ni tani 330 kwa makisio. Ukuta ukibomolewa huvimba, kwa kuwa vipande haviwezi kupangana tena kama vilivyokuwa. Mita moja iliyosimama huwa mita moja na nusu iliyomwagwa. Mita zako 170 zilikuwa 255 juu ya ardhi, na hizo ni lori 28, au 33 ikiwa dereva alikataa kupita tani 10.

Wewe umeandika 41. Kwa hiyo kabla ya kuuliza namna ya kupima, hebu ulizia lori nane, au hata kumi na tatu, ambazo nyumba haikuzitoa. Hapo ndipo nitakapopatazama mimi kwanza.

Na jambo la mwisho kwa leo: gawa daftari mara tatu. Kubomoa kuwe peke yake, kuchimba peke yake, kujenga peke yake. Udongo safi wa shimo la msingi hauchanganywi na kifusi. Hata Umoja wa Ulaya, ulipoweka mwaka 2008 lengo la nchi wanachama kuokoa asilimia 70 ya taka za ujenzi na ubomoaji kwa uzito ifikapo 2020, uliuacha udongo wa asili nje ya hesabu. Ungeingizwa, nchi yenye kuchimba mahandaki mengi ingefikia lengo bila kuokoa hata tofali moja. Taka za kubomoa nazo ni nyingi mno kuliko za kujenga, kwa hiyo ukizijumlisha pamoja na kuzigawa kwa mita 1,150 za jengo jipya, utapata takwimu isiyosema lolote kuhusu mafundi wako. Kinacholinganishwa baina ya jengo na jengo ni kilo za taka za kujenga kwa kila mita ya mraba ya sakafu, basi.


BiStoo

Mzee wetu amesema, nami niongeze la upande wa stoo, kwa sababu kaka yangu ameuliza taka zinazotoka, lakini hajauliza zinazoingia. Kwetu tunasema mali bila daftari huisha bila habari. Ninasimamia stoo ya ujenzi upande wa Bamburi, na nimejifunza kwamba taka ikishafika kwenye rundo imechelewa kupimwa, kwa kuwa imeshachanganyika na taka nyingine, na hujui tena imetoka kwa nani na kwa nini. Ipime pale inapozaliwa.

Ninavyofanya ni hivi. Mwisho wa kila mwezi nachukua bloku zilizoingia, natoa zilizobaki, kisha nalinganisha na ukuta uliosimama. Bloku ya milimita 390 kwa 190, pamoja na udongo wa saruji wa sentimita moja, hukupa bloku 12.5 kwa mita ya mraba. Mwezi mmoja zilikuwa zimeingia 6,500, stoo zimebaki 310, na ukuta uliopimwa, bila madirisha, ulikuwa mita za mraba 460, yaani bloku 5,750. Zilizotoka stoo ni 6,190, kwa hiyo 440 hazikuwa ukutani. Ni asilimia 7, na kwa kilo 28 kila moja ni tani 12 na ushei: lori zima la pesa. Tulipofuatilia hatukumkuta mwizi. Bloku zilikuwa zinateremshwa kwa kumwagwa kutoka kwenye tipa badala ya kupokezanwa kwa mikono, na nyingine zilikuwa hazijakomaa zilipoletwa, zikavunjika pembe. Mkandarasi alibadilisha namna ya kuteremsha, akamwambia mwenye bloku azimwagie maji siku zaidi kabla ya kuleta, na mwezi uliofuata sikuwa na haja ya kuandika barua.

Nondo ni hadithi nyingine, na hapo taka huamuliwa kwenye karatasi. Nondo huja za mita 12. Fundi akihitaji vipande 200 vya mita 5, atakata nondo 100, na kila moja itamwachia mita 2. Hizo ni mita 200. Kwa nondo za milimita 12, ambazo zina kilo 0.888 kwa mita, ni kilo 177 zinazokwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa bei ambayo sitaki kuitaja. Lakini kama kwenye orodha ya kukunja nondo kuna vipande vya mita 7 mahali pengine, 5 na 7 ni 12, na hakibaki kitu. Mtu mmoja kukaa na orodha hiyo na kalamu kwa nusu siku kabla ya msumeno kuwashwa kunaokoa kuliko kapu lolote la kutenganisha taka.

Kuhusu makapu, tenganisha, lakini usianze na rangi kumi za mapipa. Kwangu kuna sehemu nne zilizozungushiwa mbao: mawe na zege, chuma, mbao, na vitu vyepesi kama karatasi na plastiki. Kila sehemu ina ubao, na kila jioni kijana wangu anaandika imejaa kiasi gani, robo au nusu. Mafundi walipinga wiki mbili, wakazoea. Mbao za kufungia zege tunazing'oa misumari siku ileile, maana mbao yenye misumari hakuna anayeitaka tena, na ikikaa inakuwa kuni za mama ntilie.


FundiChokaa

Salaam kwenu nyote. Ndugu Karani, nimehuzunika kusoma kwamba ukuta wa matumbawe wa sentimita 45 umekwenda jaani. Mimi ni fundi wa nyumba za Mji wa Kale, na mawe kama hayo tunayatafuta.

Ukuta uliojengwa kwa chokaa si kama uliojengwa kwa saruji. Chokaa hulishika jiwe bila kulimeza; ukiligonga kwa nyundo na patasi huachia, na jiwe hubaki zima. Saruji hushika kwa nguvu kuliko jiwe la matumbawe lenyewe, kwa hiyo ukibomoa, linalopasuka ni jiwe. Ndiyo sababu nyumba kuukuu ikibomolewa kwa mkono, kutoka juu kwenda chini, inaweza kurudi kuwa nyumba, na ikibomolewa kwa tingatinga katika siku moja haiwezi kuwa chochote ila kifusi. Ni kweli kwamba mkono unachukua wiki, na mwenye mkopo analipa riba kila wiki, sikatai. Lakini hata ubomoaji wa mashine unaweza kutanguliwa na siku tatu za mkono kwa ajili ya milango na miimo ya mvule, vyuma vya madirisha, na safu za juu za mawe. Watu hapa wamejenga kwa jiwe la matumbawe tangu kabla ya Wareno kuanza Fort Jesus mwaka 1593, na si kila jiwe lililomo katika kuta za mji huu limechimbwa mara moja tu.

Kwa kilichokwisha kupondeka kuna matumizi, ila kwa uangalifu. Kinafaa kushindiliwa chini ya sakafu, kujazia kando ya misingi, na kutengenezea njia ya malori yenyewe yasizame wakati wa mvua. Kisitumiwe kama kokoto ya zege yenye nondo. Matumbawe, na hasa ya nyumba iliyokaa miaka karibu na maji, yana chumvi, na chumvi hiyo huila nondo kutoka ndani. Nondo ikishika kutu huvimba, na zege hupasuka. Mombasa tunaona nguzo za aina hiyo kila mtaa, sina haja ya kutaja. Pia ondoeni mabaki ya jipsamu ya dari kwenye kifusi cha kushindilia, kwani salfeti yake hudhuru saruji iliyo juu yake, na ikifukiwa mahali penye unyevu pasipo hewa hutoa gesi yenye harufu ya yai bovu, ambayo ni sumu.


MazingiraMstaafu

Wanajukwaa, mmezungumzia mawe, bloku na nondo, na wote mmepita juu ya sentensi moja ya mwuliza swali ambayo imeninyima usingizi. Mabati ya zamani ya simiti, ya kijivu, yenye mawimbi. Ndugu yangu, usiruhusu banda la walinzi liezekwe kwa mabati hayo, na usimruhusu mtu yeyote kuyakata, kuyatoboa, kuyafagia wala kuyavunja, mpaka kipande chake kimepimwa maabara. Mabati ya namna hiyo katika nyumba za umri huo mara nyingi yana asbesto. Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006, lakini marufuku haikuyashusha mapaa yaliyokuwapo.

Nyuzi za asbesto ni nyembamba kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona. Zikivutwa zinabaki mapafuni, na maradhi yake, pamoja na saratani ya mapafu na ya utando unaoyazunguka, hujitokeza baada ya miongo. Kijana anayevunja bati leo hatakohoa kesho, na ndiyo maana hakuna anayeogopa. Bati zima lililotulia halina hatari kubwa. Hatari ni vumbi. Kwa hiyo yaacheni hapo hapo, yalowesheni kwa maji bila kuyapiga kwa presha, yafungwe kwa plastiki nene tabaka mbili, yaandikwe onyo, na eneo lizungushiwe kamba. Kuyaondoa ni kazi ya mwenye leseni ya kushughulikia taka hatarishi, na yanazikwa mahali palipoidhinishwa kwa ajili hiyo, si popote. Barakoa ya kitambaa haisaidii. Swali gumu zaidi ni hili: umesema "mengi" yaliteremshwa mazima. Yaliyovunjika yako wapi? Kama yameingia kwenye kifusi, usikitumie kifusi hicho kushindilia chochote kabla hujapata ushauri, kwa kuwa kipande kidogo cha taka hatarishi kikichanganyika na rundo, ni rundo zima linalobadilika jina.

Sasa nijibu swali lako la pili, la taka kwenda wapi. Chini ya Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka 2006, msafirishaji anatakiwa kuwa na leseni ya NEMA, yaani mamlaka ya taifa ya mazingira, na mzigo unatakiwa kuwa na hati ya ufuatiliaji inayoonyesha umetoka wapi, umebebwa na nani, na umepokewa wapi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 nayo inataka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa. Neno la dereva, basi, si ushahidi. Malipo ya safari yafungamane na karatasi iliyopigwa muhuri kule ilikopokewa: hakuna muhuri, hakuna malipo. Andika saa ya kutoka na saa ya kurudi. Tangu jaa la Kibarani lifungwe, taka za kisiwani zinapelekwa Mwakirunge, upande wa Kisauni. Lori lazima livuke daraja la Nyali na kupita msongamano wote wa huko. Lori likirudi baada ya dakika 25, Mwakirunge halikufika, na hapo Tudor mtu hahitaji kuwaza sana kujua liliko. Ukingo wa hori uko karibu, giza linaingia mapema, na mikoko haina mlinzi. Mkoko hupumua kwa mizizi inayotoka juu ya tope. Ukiifunika kwa kifusi hufa umesimama, na maji yakishazuiwa kuingia na kutoka, hata iliyo nyuma ya rundo hufuata. Nimeona maeneo ambayo yalianza kwa lori moja usiku, na baada ya miaka miwili watu wakawa wanauziana viwanja juu yake.

Ukitaka kukipeleka kifusi safi mahali pa kujazia, kwa mfano shimo la machimbo au kiwanja cha mtu kilicho chini, pata barua ya mwenye mahali hapo na idhini ya mamlaka kabla ya safari ya kwanza. Kwenye taarifa kiandike kama "kimetumika kujazia", usikiandike "kimerejelewa". Mkopeshaji anayejua kazi yake atakuuliza tofauti.


KaraniWaTudor

Nawashukuru sana, na wewe Mzee Mkadiriaji hasa, kwa kunituma nikatafute lori zilizopotea. Nimekaa na utingo wa lori na karani wa getini jioni mbili, tukaipitia kila tarehe. Safari za kifusi cha nyumba zilikuwa 30. Safari nane zilikuwa za udongo wa mashimo ya nguzo, ambao tungeweza kuuhifadhi kwa kujazia, na baadaye, aibu yangu, tuliagiza udongo mwingine kutoka nje. Safari tatu zilikuwa za mbao, mifuko na maboksi ya kazi mpya. Debe lilisoma kilo 25 hadi 29, wastani 26, na lori halikuwa likijaa mpaka juu. Utingo anasema huacha kama kiganja ili mawe yasianguke barabarani. Nimeandika tani 330 za kubomoa na tani 7 za kujenga, na udongo, mita za ujazo 74, nimeupa ukurasa wake. Bloku zetu zilizovunjika hazikutoka, zimeshindiliwa chini ya sakafu ya maegesho, nazo nimezihesabu kwa njia ya BiStoo.

Mabati yamefungwa plastiki, na walinzi wamenunuliwa makuti. Kipande kimepelekwa maabara, tunangoja majibu. Yaliyovunjika, naambiwa, yalikuwa machache na yalitupwa ndani ya mojawapo ya zile safari 30, wala hakuna anayekumbuka ipi. Nimeliandika hilo kwenye taarifa kama lilivyo. Mhandisi alisita, akaniachia.

Lakini limebaki jambo moja. Kwa hesabu ya stoo, saruji iliyotoka kwa ajili ya plasta ni nyingi kuliko inavyotakiwa kwa mifuko 70 na zaidi. Kwenye rundo la taka hakuna udongo wa plasta wa kiasi hicho, na geti halionyeshi mfuko uliotoka. Nimekagua mara tatu. Imekwenda wapi?


MkadiriajiWaZamani

Imo ukutani, mwanangu. Mchoro wako unasema plasta ya milimita ngapi? Kama ni 15, toboa kwa msumari sehemu ishirini na upime kina. Nina hakika utakuta 25. Milimita 10 za ziada kwenye kuta za mita za mraba 1,000 ni mita 10 za ujazo, na kwa mchanganyiko wa moja kwa nne, yaani saruji moja kwa mchanga nne, hiyo ni mifuko kama 75 ya saruji. Taka ya namna hiyo haipandi lori wala haimwagwi popote, na hakuna mkopeshaji atakayeiuliza, ila imelipiwa kama nyingine. Kisha uangalie kwa nini fundi ameinenepesha. Mara nyingi mwenye plasta hana kosa: ukuta wa bloku ulipanda ukiwa umepinda, naye ameunyoosha kwa saruji. Shusha timazi kwenye kuta za ghorofa ya tatu ambazo bado hazijapigwa plasta, kabla hawajaanza kesho.